Kibuyu chirizi mlangoni mwa choo, na namna ya kukifanya kisikauke

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Kongwa, mkoani Dodoma. Nikibisha hodi kwenye kaya, baada ya salamu naomba kuonyeshwa choo, na macho yangu yanatafuta maji ya kunawa. Choo bila maji ya kunawa ni kazi nusu.

Kiangazi maji yetu ni ya kununua kwa ndoo, ndiyo maana nakisifu kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloning'inia na kuinama ukikanyaga kijiti kilichofungwa kamba. Kinatoa maji kidogo, tena unakanyaga kwa mguu, mikono michafu haigusi kitu.

Tafuta dumu la lita 5 lenye mfuniko, nguzo mbili zenye panda, mti wa kulaza juu, kamba na kijiti cha kukanyagia. Pasha msumari moto, utoboe tundu moja dogo upande ulio mkabala na mkono wa dumu, sentimita 12 hivi chini ya mfuniko. Chimbia nguzo, pitisha mti katika mkono wa dumu, ulaze juu ya panda. Kamba ifungwe shingoni mwa dumu, ishuke mpaka kwenye kijiti. Jaza maji yaishie chini kidogo ya tundu. Yakizidi hapo yatachuruzika bure. Mwaga kokoto chini pasiwe na tope.

Kipande cha sabuni ya mche kitoboe, ukining'inize pembeni chini ya kitako cha chupa ya plastiki. Mvua huiyeyusha, na kunguru wa huku huiba sabuni jamani! Ikiisha, tumia majivu safi ya jikoni mpaka upate nyingine.

Kibuyu kiwe kwenye njia ya kurudia nyumbani, si nyuma ya choo.

Sasa lililo gumu: vibuyu vingi hufa kwa kukauka. Kazi ya kila mtu haina mwenyewe, kwa hiyo mteue mmoja. Mimi hupendekeza mtoto wa darasa la nne, ajaze asubuhi na jioni. Wadogo nao wanawe uso hapohapo, maana trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, imetutesa miaka mingi, na nzi hufuata tongotongo na kamasi.

Mama ukishamtawaza mtoto, kinyesi kitupe chooni, kisha nawa kwa sabuni. Wengi huniambia cha mtoto hakina neno. Kina vimelea vya kuharisha kama cha mtu mzima.