SOMO: Kuchagua matairi ya gari la kutembea mchangani

Kila wiki swali ni lilelile, basi naliandika mara moja. Hili ni la pikapu na gari nyingine za 4x4.

1. Saizi. Soma ubavuni: 265/70R16 ni upana milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu inchi 16.

2. Ubavu uwe mrefu. Mchangani tairi linatakiwa libonyee. La plai 10, yaani lililoimarishwa kubeba mzigo mzito, ni gumu. Kama hubebi mzigo mzito, achana nalo.

3. Umri. Tarakimu nne za mwisho kwenye DOT, ile namba ya kiwandani iliyo ubavuni: 2321 ni wiki ya 23, mwaka 2021.

4. Meno. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilifunga matairi ya tope, meno makubwa yenye mapengo, nikajiona nimemaliza kazi. Mchanga ulipolainika gari likapungua mwendo, nami nikaongeza mafuta. Badala ya kwenda mbele, matairi yakachimba. Sekunde chache tu, difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, imelala juu ya mchanga. Tulifukua kwa koleo moja na kifuniko cha sufuria mpaka giza likatukuta. Kwenye tope unachimba kutafuta ardhi ngumu. Mchangani ukichimba unazidi kuzama. Chukua A/T (all-terrain, tairi la ardhi zote), meno ya wastani. ONYO: gari likianza kuzama, toa mguu kwenye mafuta hapo hapo. Na usinielewe vibaya, kipara sijasema ununue.

5. Upepo. Kama lami ni psi 35, mchangani shuka hadi 18 hivi. Usikate kona ghafla, tairi litachomoka kwenye rimu. Jaza kabla ya kurudi lami.

MASWALI

— Mkuu, nifunge matairi gani?
— Namba 4. Hujasoma.

— Psi ngapi?
— Namba 5. Jamani.

— Asante kwa somo mkuu. Tairi pana si ndilo bora?
— Swali zuri. Ukishusha upepo, alama ya tairi, yaani sehemu inayogusa chini, inarefuka kuliko inavyotanuka, na urefu huo ndio unaokubeba. Pana mno linasukuma kifusi cha mchanga mbele yake. Lisimamishe juu ya boksi, chora alama hiyo kabla na baada ya kushusha upepo, utaona mwenyewe.

— Na lori lenye dabo nyuma, matairi mawili mawili kila upande?
— Dabo hufungua njia mpya badala ya kufuata ya mbele, na jiwe likinasa katikati linakula ubavu. Malori ya jangwani hufungwa moja moja, mfano saizi 14.00R20, upana inchi 14, rimu inchi 20.

— Mimi natembea mchangani na psi 35 na sijawahi kukwama.
— Mchanga wako ulikuwa umelowa.

— Kompresa ndogo inatosha kujazia?
— Inatosha, ila inachukua muda. Injini iwe inaunguruma, usije ukamaliza betri.