Kupandisha matoleo ya SDK za wingu kabla msaada haujakatika

Wateja wetu wengi hapa Tanga ni watu wa mizigo na mazao: mawakala wanaotoa makontena bandarini, wakusanyaji wa machungwa kutoka Muheza, wenye mashamba ya mkonge. Mifumo yao hupiga picha za stakabadhi na kuzihifadhi kwenye wingu. Kati ya msimbo wetu na wingu hilo ipo SDK, yaani maktaba anazotoa mwenye huduma ili tuzungumze na seva zake. Mfumo ukishakuwa laivu, SDK husahaulika. Kijana ninayefanya naye kazi Ngamiani aliniuliza, "Kaka, mfumo unatembea vizuri, kwa nini tuuguse?" Mwongozo huu ndio jibu langu. Nitatumia mifano ya AWS, wingu la Amazon, lakini utaratibu ni uleule kwa Google Cloud na Azure.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho

Ingia kwenye seva yenyewe, usitosheke na kompyuta yako. Kwa mradi wa JavaScript unaoendeshwa na Node.js (npm ni kisakinishi cha maktaba zake), endesha:

node --version
npm ls aws-sdk
npm outdated

Kwa mradi wa Python, ambao kisakinishi chake ni pip:

python3 --version
pip list --outdated

Amri ya npm ls ina faida kubwa: inaonyesha pia SDK iliyoingizwa na maktaba nyingine bila wewe kuiomba. Mfano ni multer-s3 inayopokea mafaili. Toleo lake la 2 linategemea SDK ya zamani, la 3 linategemea mpya. Unaweza kusafisha msimbo wako wote na bado ukabaki na SDK ya zamani kupitia mlango huo.

Hatua ya 2: Andika tarehe za kila tabaka

Hapa ndipo penye uzito. Toleo kubwa la SDK huanza na msaada kamili, likaingia kipindi cha matengenezo ambacho hupewa marekebisho ya hitilafu kubwa na ya usalama tu, kisha msaada ukakoma. Ukikoma, maktaba haizimiki. Bado utaipakua na bado itafanya kazi, ila tundu la usalama likigunduliwa hakuna atakayeliziba. Ndiyo maana watu hudanganyika.

SDK ya AWS ya JavaScript, toleo la 2, iliingia matengenezo tarehe 8 Septemba 2024 na msaada wake ukaisha tarehe 8 Septemba 2025. Ya Go, toleo la 1, iliisha tarehe 31 Julai 2025. Ya Java 1.x iliisha tarehe 31 Desemba 2025.

Chini ya SDK ipo lugha, nayo ina tarehe zake. Python 3.8 ilifikia mwisho Oktoba 2024, na boto3, yaani SDK ya AWS ya Python, ikaiacha tarehe 22 Aprili 2025. Node.js 18 iliisha tarehe 30 Aprili 2025. Ukiwa na Python iliyoachwa, pip haitakugombeza: itatafuta boto3 ya mwisho inayokubali Python yako, iisakinishe, na kukuambia kazi imekamilika. Utadhani umesasisha kumbe umekwama. Kwa hiyo panda lugha kwanza, SDK ifuate.

Tarehe hizo ziwekwe kwenye kalenda ya ofisi, na ziingie kwenye mkataba wa matengenezo na mteja. Mwenye malori akielezwa mapema kwamba mwaka huu kuna kazi ya kuhamisha toleo, hulipa bila ugomvi.

Hatua ya 3: Funga matoleo

Hifadhi package-lock.json, faili linaloorodhesha toleo halisi la kila maktaba, pamoja na msimbo, na kwenye seva tumia npm ci, inayofuata faili hilo kikamilifu, badala ya npm install. Kwa Python, andika toleo kamili kwa alama ya ==. Sasisho liingie siku uliyoichagua wewe.

Hatua ya 4: Soma orodha ya mabadiliko, hasa ya mipangilio ya awali

Kanuni ya namba tatu za toleo (kama 1.36.0) inajulikana: ya kwanza ikipanda, kuna kitu kitavunjika, ya kati ni nyongeza, ya mwisho ni marekebisho. Usiiamini kupita kiasi. Januari 2025, boto3 1.36.0 ilianza kuambatanisha hesabu ya uhakiki (checksum, namba ya kuthibitisha kuwa faili halikuharibika njiani) kwenye kila faili linalopandishwa S3, ghala la mafaili la AWS, hata usipoomba. Ni namba ya kati tu iliyopanda, na kwa aliye AWS ilikuwa heri. Lakini wapo wanaotumia SDK hiyohiyo kuhifadhi kwa watoa huduma wengine wanaofuata mfumo wa S3, na baadhi ya seva hizo zilikataa mafaili. Ikikukuta, weka:

AWS_REQUEST_CHECKSUM_CALCULATION=when_required
AWS_RESPONSE_CHECKSUM_VALIDATION=when_required

Amri iliyoondolewa itapiga kelele mara moja. Mpangilio uliobadilika hunyamaza mpaka mteja apige simu.

Hatua ya 5: Hamisha huduma moja moja

Kutoka toleo la 2 kwenda la 3 la SDK ya JavaScript si lazima ubomoe vyote. Majina ya maktaba ni tofauti, aws-sdk na @aws-sdk/client-s3, kwa hiyo huishi pamoja kwenye mradi mmoja. Fungua tawi jipya, kisha:

npx aws-sdk-js-codemod@latest -t v2-to-v3 src/s3.js

Chombo hiki cha AWS hubadilisha sehemu kubwa ya msimbo, lakini pitia kila mstari kwa macho yako. Angalia Body, sehemu ya jibu yenye faili lenyewe: zamani ilikuja kama data kamili, sasa huja kama mkondo, na picha utaisoma hivi:

const picha = await jibu.Body.transformToByteArray();

Angalia pia makosa. Tulikuwa tukiuliza err.code, sasa ni err.name. Sharti lililobaki na err.code halitalalamika, litapita tu kama vile faili halikukosekana.

Hatua ya 6: Jaribu na mtandao mbovu

Pandisha picha, isome, ifute, omba isiyokuwepo. Halafu kata intaneti katikati ya kupandisha, maana huko shambani simu hupoteza mtandao kila mara, na namna SDK inavyorudia ombi inaweza kuwa imebadilika kati ya matoleo.

Hatua ya 7: Peleka laivu

Chagua asubuhi ya katikati ya wiki, wala si msimu wa machungwa ukiwa umepamba moto. Weka tayari package-lock.json ya zamani ili kurudi nyuma kuwe ni kazi ya dakika chache. Fuatilia kumbukumbu za makosa siku hiyo nzima.

Baada ya hapo washa Dependabot, chombo cha GitHub kinachopendekeza masasisho ya maktaba, iweke ikague mara moja kwa mwezi, na uizuie kugusa matoleo makubwa ya SDK. Hayo yafunguliwe kwa mkono, kwa kufuata zile tarehe za hatua ya 2.