Namna ya Kukokotoa Kasi ya Pistoni Kabla ya Kupandisha Mizunguko ya Injini

Mtu anayetaka injini yake izunguke zaidi ya alivyopanga mtengenezaji huuliza kwanza: itafika mizunguko mingapi kwa dakika? Swali hilo ni nusu tu, kwa kuwa idadi ya mizunguko haielezi pistoni inasafiri umbali gani ndani ya kila mzunguko. Injini mbili zinaweza kuonyesha 8,000 kwenye geji, pistoni za moja zikiwa bado zina nafasi ya kutosha na za nyingine zikiwa zimefika ukingoni. Kipimo kinachoziweka kwenye mizani moja ni kasi wastani ya pistoni, nacho hupatikana kwa hesabu fupi kabla hata ya kushika spana.

Anza kwa kutafuta urefu wa mpigo, yaani umbali kutoka kikomo cha juu cha pistoni hadi kikomo chake cha chini. Kitabu cha matengenezo huutaja kwa milimita, mara nyingi baada ya kipenyo cha silinda. Kama kitabu hakipo na silindahedi imekwisha kufunguliwa, zungusha krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, kwa mkono, pima kina cha pistoni ikiwa juu kabisa na ikiwa chini kabisa, kisha utafute tofauti. Kutumbukiza kijiti kwenye tundu la plagi hakutoshi, kwa sababu katika injini nyingi tundu hilo limeinama na kipimo hutoka kirefu kuliko ukweli. Ukishapata namba, ihakiki kwa ujazo wa injini. Tuchukue 1NZ-FE ya Toyota, ambayo msomaji wa Afrika Mashariki huikuta kwenye Probox, IST na Vitz za 1500: kipenyo chake ni milimita 75 na mpigo ni milimita 84.7. Eneo la duara la silinda ni sentimita za mraba 44.18, ukilizidisha kwa 8.47 na kisha kwa silinda 4, unapata sentimita za ujazo 1,497, ambao ndio ujazo wa injini hiyo. Hesabu isipokubaliana na ujazo unaojulikana, ujue umepima vibaya au krenki iliyomo si ya asili.

Katika kila mzunguko mmoja wa krenki pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja, hivyo husafiri urefu wa mipigo miwili. Kutokana na hilo, zidisha mpigo kwa milimita na mizunguko kwa dakika, kisha ugawe kwa 30,000. Jibu ni kasi wastani kwa mita kwa sekunde. Kwa 1NZ-FE ikizunguka 6,000, hesabu ni 84.7 mara 6,000 gawanya kwa 30,000, sawa na mita 16.9 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya injini ya kazi za kila siku, iliyojengwa idumu miaka mingi.

Sasa tazama F20C, injini ya lita 2 ambayo Honda waliiweka kwenye gari lao la S2000 mwaka 1999. Mpigo wake ni milimita 84, yaani mfupi kidogo kuliko ule wa Probox, lakini mstari wake mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko kwenye geji, uko kwenye 9,000. Kasi wastani inakuwa mita 25.2 kwa sekunde. Mimi huwa napenda kuziweka injini hizi mbili pamoja mbele ya mtu anayedhani kwamba kubadilisha programu ya kompyuta ya injini kunatosha, kwa sababu umbali wa safari ya pistoni ni karibu uleule, na tofauti yote imo kwenye vile vinavyosafiri na vinavyovishikilia. F20C ilitengenezwa na pistoni za kufuliwa, yaani zilizoshindiliwa badala ya kumiminwa, na kuta za silinda zilizoimarishwa kwa nyuzi. Probox haikupewa vitu hivyo, wala haikuvihitaji.

Kwa uzoefu wa wajenzi wa injini, hadi mita 17 au 18 kwa sekunde vifaa vya kawaida hufanya kazi bila malalamiko. Ukivuka 20, ubora wa pistoni, konrodi (mkono unaoiunganisha pistoni na krenki) na bolti zake ndio unaoamua. Karibu na 25 ndipo yanapokomea magari ya barabarani yaliyojengwa makusudi kwa mizunguko ya juu: Ferrari 458 yenye mpigo wa milimita 81 hufika 24.3 kwenye 9,000, na M3 ya BMW ya kizazi cha E46, yenye mpigo wa milimita 91, hufika 24.3 vilevile ingawa inaishia 8,000. Zaidi ya hapo ni eneo la injini za mashindano, zinazofunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Mipaka hii si sheria ya maumbile, lakini atakayeipuuza awe na sababu inayopimika.

Hesabu hiyohiyo ukiigeuza inakupa kikomo cha mizunguko. Zidisha kasi unayoikubali kwa 30,000, kisha ugawe kwa mpigo. Mwenye 1NZ-FE aliyeamua asivuke mita 20 kwa sekunde atapata takribani mizunguko 7,080. Hata Honda wenyewe walibanwa na hesabu hii. Mwaka 2004 walipoongeza ujazo wa S2000 ya soko la Amerika Kaskazini, mpigo ulirefushwa hadi milimita 90.7. Kama wangeubakiza mstari mwekundu kwenye 9,000, pistoni zingefika mita 27.2 kwa sekunde. Wakaushusha hadi 8,000, na kasi ikarudi 24.2. Kwa hiyo anayefunga krenki yenye mpigo mrefu zaidi ili apate nguvu kwenye mizunguko ya chini hana budi kushusha kikomo cha juu siku hiyohiyo.

Kasi wastani ina upungufu mmoja ambao ni lazima uuelewe kabla ya kuitegemea. Injini za Formula 1 za V8 zenye lita 2.4, zilizozuiwa zisivuke 18,000 kuanzia mwaka 2009, zilikuwa na mpigo wa takribani milimita 39.7 tu, na kasi wastani ya pistoni zake ilikuwa mita 23.8 kwa sekunde, chini ya ile ya S2000. Ukitazama namba hiyo peke yake utasema injini ya Honda ndiyo inayoteseka zaidi. Sivyo, kwa sababu pistoni haivunjwi na kasi. Inavunjwa na kusimamishwa na kugeuzwa. Mchapuko wa pistoni ya Formula 1, yaani jinsi kasi yake inavyobadilika haraka, ulikaribia kuwa mara mbili ya ule wa F20C, maana ilipaswa kusimama na kurudi mara 600 kwa sekunde ndani ya nafasi finyu.

Kwa hiyo hesabu ya pili ni ya mchapuko. Chukua nusu ya mpigo kwa mita. Izidishe kwa mraba wa kasi ya krenki kwa radiani kwa sekunde, ambayo huipata kwa kuzidisha mizunguko kwa dakika kwa 0.1047, kisha uzidishe jibu kwa jumla ya 1 na uwiano wa nusu ya mpigo kwa urefu wa konrodi. Kwa F20C nusu ya mpigo ni milimita 42 na konrodi ni milimita 153, hivyo uwiano ni 0.27. Kwenye mizunguko 9,000, mchapuko wa kikomo cha juu ni takribani mita 47,500 kwa sekunde kwa sekunde, au mara 4,800 ya mvutano wa dunia. Tuseme pistoni, ringi na pini yake vina gramu 400: konrodi italazimika kuvirudisha chini kwa nguvu ya takribani newtoni 19,000, sawa na kuning'iniza mzigo wa karibu tani 2.

Mzigo huo huwa mkali zaidi pale eksozi inapofunga na hewa mpya kuanza kuingia, kwa sababu wakati huo hakuna shinikizo la mwako juu ya pistoni la kuipunguzia konrodi mvuto. Kwenye 9,000 jambo hilo hutokea mara 75 kwa sekunde katika kila silinda, na wanaolibeba ni bolti mbili za konrodi. Nimewahi kushika bolti iliyotolewa kwenye injini iliyotoboa bloku: shingo yake ilikuwa nyembamba katikati, kama mshumaa uliovutwa ukiwa na joto, na mwenyewe alikuwa ameitumia tena baada ya kuifungua mara mbili. Pima urefu wa kila bolti kwa maikromita kabla ya kuifunga na uuandike. Ukiifungua ukaikuta imebaki ndefu kwa milimita 0.025 au zaidi, itupe.

Kumbuka pia kwamba mchapuko hukua kwa mraba wa mizunguko. Kutoka 7,000 hadi 8,000 kasi wastani huongezeka kwa asilimia 14, lakini mzigo kwenye bolti huongezeka kwa asilimia 31. Ringi nazo huhisi jambo hili, kwani mchapuko ukizidi huinuka kutoka kwenye mfereji wake na kuacha gesi ipite kwenda kwenye sampu, yaani chombo cha oili chini ya injini. Ndiyo maana injini za mizunguko ya juu hutumia ringi nyembamba na nyepesi. Springi za valvu zina kikomo chao ambacho hesabu ya pistoni haikionyeshi kabisa, na mara nyingi ndicho kinachofikiwa kwanza. Uliza springi zilizofungwa zinahimili mizunguko mingapi, na utumie namba iliyo ndogo kati ya hiyo na ile ya pistoni.

Ukishaipata, iweke kwenye kompyuta ya injini kama kikomo cha kukata mafuta, ukiacha pengo la mizunguko 200 au 300 chini ya hesabu yako, na usome mizunguko kwa kifaa cha uchunguzi badala ya kuamini mshale wa geji, ambao huchelewa. Kikomo hicho kinazuia akseleta tu, hakizuii gia. Dereva wa S2000 aliye kwenye gia ya 3 kwa mizunguko 8,500, akitaka ya 4 na mkono ukavuta kushoto hadi ya 2, magurudumu yataizungusha krenki hadi karibu 11,700 mara klachi inapoachiwa, kwa kuwa uwiano wa gia ya 3 ni 1.481 na wa gia ya 2 ni 2.045. Hapo kasi wastani inakuwa mita 32.9 kwa sekunde, na mzigo kwenye bolti asilimia 70 juu ya ule wa mstari mwekundu. Injini ikinusurika, usiendelee na mbio: ivutwe hadi gereji, ipimwe mgandamizo wa kila silinda, sampu ishushwe, na bolti zote za konrodi zibadilishwe hata kama kwa macho hazina kasoro.