Kaburi la walii wa kwenu: namna ya kuandika habari zake

Nunua daftari kubwa la mistari, na kila ukurasa ugawe safu tatu. Juu ya safu ya kwanza andika "jiwe", ya pili "kitabu", ya tatu "wazee". Kinachosomeka kaburini au msikitini kinaingia safu ya kwanza. Kinachotoka kwenye manakibu (vitabu vya sifa na maisha ya mawalii), kasida au karatasi yoyote, safu ya pili. Wanachosimulia watu, safu ya tatu. Usihamishe habari kutoka safu moja kwenda nyingine hata kama una hakika ni jambo lile lile. Kazi iliyobaki ni kuzijaza, na hivi ndivyo ninavyozijaza mimi, mtoto wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, niliyezaliwa Mombasa.

Anza na wazee. Jiwe nalo halina dhamana: kuanzia 2008 al-Shabaab walibomoa makaburi mengi ya mawalii kusini mwa Somalia, na kwa hayo safu ya kwanza utaijaza kwa picha za zamani tu. Lakini mzee akishafariki hakuna hata picha ya kutazama.

Nenda baada ya Alasiri, mzee akiwa ameshapumzika. Chukua bun, zile buni zilizokaangwa kwa mafuta ya ufuta, maana nyumba ya Kisomali ikinukia bun mazungumzo ya dhikri na mawalii hujileta yenyewe. Simu ya kurekodia iweke wazi mbele yake na umwombe ruhusa. Usimwulize "Sheikh huyu aliishi lini?" Atakutajia karne ya kubahatisha ili akuridhishe. Mwulize, "Adeer (ami), wewe na yeye mna mababu wangapi katikati?" Hapo atakaa sawa, atafungua vidole na kuanza abtirsi, yaani kuhesabu mababu: fulani bin fulani bin fulani, bila kukwama. Mwache amalize. Ukimkatiza atarudi mwanzo, na utastahili.

Hesabu majina na kila jina lipe kama miaka 30. Utapata makisio, si tarehe, kwa sababu majina ya watu wasioacha kizazi kikubwa hudondoka njiani na mababu mashuhuri husogeleana. Hata hivyo abtirsi inakuonyesha kwa nini kaburi moja linabeba ukoo mzima. Waisaaq humalizia hesabu yao kwa Sheikh Isaaq aliyezikwa Maydh, pwani ya Sanaag. Wadarod humalizia kwa Sheikh Darod aliyezikwa Haylaan, Sanaag hiyo hiyo. Wote wawili husimuliwa kwamba walitoka Uarabuni. Wataalamu wengi wanaitilia shaka safari hiyo. Ukweli huo una nafasi yake katika safu ya pili, na hauhitaji kutamkwa sebuleni kwa mzee.

Kisha uliza habari za mama. Wengi hulisahau swali hili, nami naliona la thamani kuliko yote. Koo za Kisomali hugawanyika sana kwa wake wa babu mmoja, na watoto wa mama mmoja huitwa bah. Sheikh Darod anasimuliwa kumwoa Dombiro, binti wa Wadir, wenyeji wa nchi, na kaburi la mke huyu nalo huonyeshwa huko huko Haylaan. Ukiandika baba pekee unabaki na mgeni aliyeshuka kutoka baharini. Ukimwandika mama, unapata wenyeji waliompokea. Habari hizi utazipata kwa shangazi na bibi, kwa hiyo omba kuketi nao pia, au mtume dada yako.

Panapokuwa na mshindi na mshindwa, andika pande zote mbili. Chukua mfano wa Aw Barkhadle, karibu na Hargeisa. Aliyelala pale ni Yusuf al-Kawneyn, ambaye Wasomali humpa sifa ya kubuni namna ya kuwafundisha watoto wao irabu za Kiarabu kwa maneno ya Kisomali. Kisa chake kikubwa ni cha yule mtawala mchawi, Bu'ur Ba'ayer, aliyejigamba kwamba anaweza kupita ndani ya mlima. Alipita. Akarudia, akapita tena. Mara ya tatu Sheikh akamwomba Mungu, mlima ukafumba naye ndani. Wengi huishia hapo, wakafunga daftari. Lakini kisa kina mkia: kizazi cha mchawi kilidai diya, fidia ya damu, ya mtu wao, na ndiyo asili inayotajwa ya samanyo, zawadi ambayo Wayibir wamekuwa wakipokea kwenye harusi na mtoto wa kiume akizaliwa. Wayibir ni ukoo uliodharauliwa sana. Bila Myibir kwenye safu yako ya tatu, umeandika nusu ya kaburi. Na hapo hapo Aw Barkhadle waulize wanawake wanaokwenda kuomba uzazi wanafanya nini na kwa mpangilio gani, kwa sababu wanaume watakwambia hawajui, na pengine ni kweli.

Safu ya kitabu ni ya subira. Manakibu yamejaa karama, miujiza ya mawalii, na si kazi yako kuzithibitisha wala kuzikanusha. Wewe okota humo majina ya vijiji, ya wanafunzi, ya watu waliomkaribisha Sheikh, na mwaka wa kufa. Sheikh Uways wetu alizaliwa Barawa 1847, akasoma Baghdad, akapokewa Unguja na Sultani Barghash, na akauawa Biyooley 1909 na wafuasi wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, ambao tarika yao (njia ya kisufi) ya Salihiyya ilikuwa na ugomvi mkali na Qadiriyya, tarika ya Sheikh Uways. Matawi ya Qadiriyya aliyoyapanda yalienea hadi bara Tanganyika, kwa hiyo msomaji wa Tanzania huenda hana haja ya kupanda ndege: aulize kwa khalifa wa dhikri ya kwao kama kuna ijaza, hati ya ruhusa kutoka kwa mwalimu, iliyoandikwa silsila. Angalizo moja tu. Silsila ni mlolongo wa mwalimu na mwanafunzi, nasaba ni ya baba na mwana. Zote husomwa kwa mtiririko mmoja, na nimeona karatasi za koo ambamo walimu wamegeuzwa mababu.

Kwetu Barawa kuna pia steenzi, tenzi za Chimini, Kiswahili cha Barawa. Dada Masiti alitunga kwa lugha hiyo, na Sheikh Qasim al-Barawi, mfuasi wa Sheikh Uways, alitunga pia. Mtu akisoma utenzi kwa moyo, mrekodi kwanza na umwulize maana baadaye.

Sasa jiwe. Piga picha asubuhi au kuelekea Magharibi, jua likiwa la ubavuni, ili herufi zitupe kivuli. Ndani ya msikiti shika tochi kando ya ukuta, usiielekeze usoni mwa maandishi. Usipake chokaa, unga wala mkaa ili herufi zionekane, na usimwage maji: jiwe la matumbawe hunyonya na kumeguka.

Tarehe nyingi ziko kwa maneno, na husomwa kuanzia mamoja. Mnara wa msikiti wa Jami' wa Hamar Weyne, Mogadishu, ni wa sita na thelathini na mia sita, yaani 636 Hijria. Zidisha kwa 0.97, jumlisha 622, unapata 1238 na ushei. Msikiti wa Fakhr al-Din, wenye tarehe iliyoandikwa ndani yake, ni wa 1269. Mtego mkubwa ni maneno ya Kiarabu ya saba na tisa. Yakichongwa bila nukta, yote yana meno manne, vile vistari vidogo vya kusimama, kabla ya herufi ayn. Tazama jino refu: likiwa mwisho ni saba, likiwa mwanzo ni tisa. Ukikosea kwenye makumi umemsogeza Sheikh miaka ishirini, na abtirsi ya watu inaanza kugombana na jiwe bila sababu. Usiposhawishika, andika zote mbili na alama ya kuuliza.

Utakutana na anayesema ziara ni shirki. Mwitikie salamu, usibishane naye kaburini, na maneno yake yaandike, kwa kuwa nayo ni habari ya mahali hapo leo. Mlinzi wa kaburi mpe sadaka mwisho wa mazungumzo, si mwanzo, usije ukanunua majibu.

Kabla ya kumtumia mtu picha yoyote, zima huduma ya mahali kwenye kamera ya simu. Makaburi mengine yangali yanawindwa. Nakala moja ya sauti irudi kwa mzee mwenyewe au wanawe, moja ibaki kwako, moja ikae kwa ndugu aliye mji mwingine. Faili liite kwa jina la kaburi, jina la ukoo wa msimulizi na mwaka, na mwanzoni mwa kila rekodi mwenyewe ajitaje kwa mababu zake watatu.