Ziba tundu la choo kabla ya mlango

Mafuriko yakija, sisi wa karibu na bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, huhangaika na mlango, kumbe maji machafu hutangulia kuingilia chooni. Choo kikianza kugugumia na kutoa mapovu, usisubiri. Chukua mifuko miwili ya taka, tia mmoja ndani ya mwingine, jaza maji hadi nusu, piga fundo, kalisha kwenye tundu. La bafuni nalo hivyohivyo. Mfuko wa maji hujifinyanga kufuata umbo la tundu, na uzito wake huzuia uchafu kurudi. Mchanga unafaa pia, ila ukipasukia humo utamtafuta fundi. Maji yakishavuka kizingiti mfuko utaelea tu. Hapo beba watoto, ondoka.