Dufu Linafuata Pumzi: Namna ya Kujifunza Kupigia Kasida za Zikri

Vijana wakija Bagamoyo kwenye ziara hunishika kanzu: "Maalim, nifundishe dufu." Nami huwaambia walilaze chini kwanza. Usiku wako wa kwanza kaa nyuma ya halaka, yaani duara la wanaozikiri, mikono magotini, usikilize watu wanapovuta pumzi na wanapoitoa. Hiyo ndiyo mizani yako. Asiyeijua pumzi ya waitikiaji atapiga kwa ustadi na bado atawaharibia watu zikri.

Ukishasikiliza, shughulikia ngozi. Dufu letu ni duara la mbao lililowambwa ngozi ya mbuzi, na hewa ya bahari hailipendi. Baada ya Isha, hasa masika, ngozi hulegea na sauti ikawa butu, "bu, bu". Washa makumbi ya nazi, ngoja ndimi za moto zishuke yabaki makaa, kisha lielekeze dufu huko kwa umbali wa mkono, ukilizungusha bila kusimama. Kila mara pitisha kiganja juu ya ngozi: ikiwa vuguvugu endelea, ikianza kuuchoma mkono ondoa. Gonga kwa kidole. Sauti itapanda taratibu mpaka itoe "du" safi yenye mwangwi.

Usiliache peke yake. Nilipokuwa na miaka kumi na minne niliegemeza dufu la babu karibu na jiko, nikaenda kupokea kahawa barazani. Nilisikia mlio mmoja tu, "pa!" Ngozi ilipasuka kutoka ukingoni hadi katikati. Babu hakunigombeza. Alinikalisha majuma matatu nikiitikia kasida kwa mdomo, bila kugusa chombo. Leo nawafundisha wengine kwa njia hiyohiyo, kwa sababu ilinifaa.

Sasa mikono. Mkono wa kushoto unashika ukingo kwa chini, dole gumba nyuma, vidole vimelegea. Wa kulia unapiga sauti mbili: "du" karibu na katikati, na "ka" ukingoni kwa ncha za vidole. Piga polepole huku ukiimba kiitikio. Ukiona kiitikio kinakupotea, basi unapiga mno, punguza. Mpigaji mmoja ashike mapigo ya msingi, wengine wajaze nafasi anazoziacha. Msishindane.

Pale kasida inapokwisha watu husimama, hushikana mikono, na "La ilaha illa Llah" huanza kwa utulivu, huku miili ikiinama na kuinuka. Kwenye halaka yetu, hapo dufu linawekwa chini. Matamshi yanafupika mpaka inabaki pumzi nzito inayotoka kifuani, na kwetu hiyo ndiyo ngoma.

Kwingine si hivyo, na inafaa ulijue hilo kabla hujamkosoa mtu. Mamurid, yaani wafuasi, wa Jalaluddin Rumi, sheikh na mshairi aliyefariki Konya, Uturuki ya leo, mwaka 1273, wanasikika kwa filimbi ya mwanzi iitwayo ney. Uturuki ilipofunga zawiya zote, yaani nyumba za zikri, mwaka 1925, waliguswa wao pamoja na muziki wao. Wachishti wa India wana kawali, nyimbo zao za dini zinazopigiwa ala. Wanakshabandi wengi humtaja Mungu kimoyomoyo. Ndugu zetu wa Shadhiliyya, ambao twarika yao, yaani njia yao ya kisufi, ilitufikia kutoka Ngazija, hufanya zikri bila ngoma. Imam Ghazali, aliyefariki 1111, aliupima usikilizaji wa nyimbo na ala kwa urefu ndani ya kitabu chake Ihya. Kwa hiyo mtu akikwambia dufu halifai, mpe salamu na umwachie nafasi yake. Tofauti za twarika zimewahi kumwaga damu: Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, Somalia, mmoja wa walioieneza Qadiriyya pwani hii, aliuawa mwaka 1909 na wafuasi wa twarika ya Salihiyya.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mkono wa jirani. Unaposimama halaka, usichague wa kumshika. Mji huu ulipitisha watumwa wengi, na mmoja wao alikuwa mtoto aliyeletwa kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Alisoma, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa Qadiriyya, watu wa mji wakamfuata. Huyo ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, tunayemwita Sheikh Ramiya, aliyefariki 1931. Wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza walikuja kuvuta pumzi moja. Kwa hiyo akisimama kando yako mchukuzi wa forodhani mwenye kiganja kigumu kama gome, kishike vizuri, na umfuate akiinama.

Mkimaliza, pangusa jasho kwenye dufu kwa kitambaa kikavu, ulitundike penye upepo, mbali na jiko na mbali na sakafu. Kesho jioni litakuwa limelegea tena, basi weka makumbi ya akiba pakavu.