Namna ya Kusikiliza Muziki wa Filamu za Mapenzi na Majonzi za Hollywood ya Zamani

Muziki wa filamu za mapenzi zilizotengenezwa Hollywood kati ya miaka ya 1930 na 1950 una sifa mbaya kwa wengi: vayolini zinalia mno, kinubi kinapapaswa kila mtu anapokumbuka jambo, na kila busu lina okestra nzima nyuma yake. Mara nyingi kosa ni namna ya kuusikiliza. Muziki huu uliandikwa ili umsubirishe mtu. Mahadhi ya mapenzi yanatajwa, yanakatizwa, yanarudi nusu, yanakatizwa tena, na aghalabu ni dakika za mwisho tu ndipo yanapoachiwa yafike kikomo chake. Anayesikia ule mwisho peke yake huona kelele za huruma. Aliyefuatilia jinsi ulivyocheleweshwa ndiye anayetafuta leso.

Weka sauti sawa kwanza

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 karibu filamu zote hizi zilikuwa za mono (sauti ya njia moja tu), na sauti yake ilichapwa pembeni mwa utepe wa filamu na kusomwa kwa mwanga. Njia hiyo haibebi besi nzito wala sauti za juu sana. Kwa hiyo ukiongeza besi unaongeza mvumo, na ukiongeza sauti za juu unaongeza mchakacho. Zima marekebisho yote ya besi, zima sauti ya kuzunguka chumba, na zima kabisa modi ya usiku. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoharibu zaidi, kwa sababu hupandisha sauti ndogo na kushusha kubwa, na muziki huu unaishi kwenye tofauti hiyo hiyo.

Kiwango cha sauti kipange kwa mazungumzo, usikipange kwa muziki: mtu akizungumza kwenye filamu asikike kama aliyekaa nawe chumbani. Baada ya hapo usiguse rimoti. Muziki utazama watu wakianza kusema na kuibuka wakinyamaza. Ndivyo ulivyochanganywa studio, na ukiufukuza kwa rimoti utapoteza mawimbi yaliyokusudiwa.

Kuna hitilafu moja isiyoonekana. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini DVD nyingi za PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya na sehemu nyingi za Afrika, huzipitisha kwa picha 25. Kila kitu kinaenda kasi kwa takriban asilimia 4 na sauti inapanda zaidi ya nusu ya nusutoni. Chelo inapoteza uzito wake, na waimbaji wanasikika wembamba kidogo bila wewe kujua sababu. Angalia urefu: *Casablanca* ni dakika 102. Nakala yako ikiisha kwenye dakika ya 98 hivi bila tukio lolote kukatwa, tafuta nakala nyingine.

Anza na mahali ambapo muziki unakuja umechelewa

*Casablanca* (1942) ni shule nzuri kuliko filamu zenye muziki mwingi zaidi. Baada ya majina na utangulizi, kwa karibu nusu saa muziki unaosikika karibu wote unatoka ndani ya mkahawa wa Rick: Sam na piano yake, bendi, wateja. Okestra isiyoonekana imekaa kimya. Ilsa, mpenzi wa Rick wa zamani, anamwomba Sam apige wimbo fulani wa zamani, *As Time Goes By*. Rick anakuja kwa hasira kumkataza, anainua macho, anamwona Ilsa, na hapo okestra inapiga mlio mmoja mzito. Kuanzia sekunde hiyo wimbo wa Sam si mali ya piano tena. Baadaye usiku, Rick akiwa analewa peke yake, piano inaanza na okestra inaupokea wimbo mkononi mwake kuingia kwenye kumbukumbu za Paris. Rudia makabidhiano hayo mpaka uweze kusema ni wapi hasa piano inaishia. Hicho ndicho kitu cha kwanza cha kuzoesha sikio: muziki unaosikiwa na wahusika, na muziki unaosikiwa na sisi tu.

Wimbo wenyewe, kwa njia, haukutungwa na Max Steiner aliyeandika muziki wa filamu hiyo. Ulikuwa wa Herman Hupfeld, wa mwaka 1931. Husimuliwa kwamba Steiner hakuupenda na alitaka kuweka wake, ila Ingrid Bergman alikwisha kata nywele kwa ajili ya filamu nyingine na matukio hayakuweza kurudiwa. Akabaki nao, akaujenga ukawa uti wa mgongo wa kazi nzima. Si lazima mtunzi apende mahadhi ili ayatumie vizuri.

Kufuata mahadhi mamoja

Sasa chukua *Now, Voyager*, ya mwaka huo huo na ya Steiner huyo huyo. Muziki wake ulimpa Oscar. Itazame mara ya kwanza bila kuandika chochote. Mara ya pili shika daftari na ufuate mahadhi ya mapenzi ya Charlotte na Jerry peke yake. Kila yanapotokea andika mambo manne: saa ya filamu, nani yupo kwenye picha, ala gani inabeba mahadhi, na nini kinayasimamisha. Hilo la nne ndilo lenye faida kuliko yote. Mlango, simu, jina la mtu wa tatu, au muziki wenyewe kukosa ujasiri na kuishia kwenye noti inayoning'inia.

Usijaribu kufuata mahadhi matatu kwa pamoja. Wanaofanya hivyo huishia na orodha ndefu na hawakusikia kitu. Ukiona umechoka, simama. Dakika 40 za kusikiliza kwa makini zinatosha kwa siku.

Kisha chagua tukio moja la dakika tatu hadi tano. La mwisho linafaa, pale Jerry anapowasha sigara mbili kwa pamoja na kumpa Charlotte moja. Lipitishe mara nne: kama lilivyo, kisha sauti bila picha, kisha picha bila sauti, kisha kama lilivyo tena. Katika ile ya tatu utashangaa jinsi waigizaji wanavyofanya machache. Wanatazamana, wanavuta moshi, wanasema maneno ya heshima. Wanachokikataa kwa midomo kinasemwa na vayolini, na kamera inapoelekea kwenye nyota okestra inakuwa imeshika kila kitu. Ukiona bado muziki umezidi, huenda ni kweli; Steiner alizidisha mara kadhaa katika maisha yake, na mtu haharibikiwi na chochote kwa kusema hivyo.

Kusikia ndani ya okestra

Kosa la kawaida ni kusikiliza juu tu, kwenye vayolini. Gawa kazi. Mara ya kwanza fuata vayolini kweli, na usikilize vidole: wapigaji wa enzi hiyo hutelezesha kidole kwenye uzi kutoka noti moja hadi nyingine, na mtelezo huo huja kabla ya noti ya juu kabisa. Mara ya pili achana na vayolini kabisa, tafuta pembe na chelo katikati. Hapo mara nyingi pana mahadhi ya pili yanayosogea wakati ya kwanza yametulia, ndiyo maana wimbo hauonekani kupumzika. Mara ya tatu shuka kwenye besi. Ikikaa kwenye noti moja kwa muda mrefu huku juu kukibadilika, jiandae: kishindo kinakuja. Mwisho tafuta vidogo, yaani kinubi, selesta na obo. Obo ikipiga peke yake kwa kawaida mtu ameachwa.

Mahadhi yenyewe yana hila zake. Yale ya Tara, shamba la familia ya Scarlett, katika *Gone with the Wind* (1939) yanaanza kwa kuruka oktavu nzima juu kisha kushuka. Yaimbe taratibu utaona kuwa nguvu yote iko kwenye mruko huo wa kwanza. Ya David Raksin katika *Laura* (1944) ni kinyume: jaribu kuyaimba bila ala yoyote na karibu lazima upotee, kwa kuwa sauti za chini yake zinahama ufunguo baada ya ufunguo na hazitui. Yanamfaa mwanamke ambaye kwa nusu ya filamu ni picha ukutani tu. Kwenye tukio la mpelelezi kubaki usiku nyumbani kwa Laura utasikia piano yenye mlio wa kuyumba. Raksin alirekodi piano kwa kuacha nje lile pigo la nyundo kwenye uzi, akabakisha mwangwi wake.

Mdundo nao upime kwa kidole mezani. Studio nyingi zilitumia mdundo wa kuongoza masikioni mwa wanamuziki, uliohesabiwa kwa picha: pigo moja kila picha 12 ni mapigo 120 kwa dakika, kila picha 24 ni 60. Steiner aliupenda, hivyo muziki wake unaweza kugonga hatua ya mguu au mlango kufungwa bila kukosea. Erich Wolfgang Korngold, mtunzi aliyetoka kwenye opera za Vienna, alipendelea kuongoza okestra huku akitazama picha. Sikiliza *Kings Row* (1942): kidole chako hakitakaa na mapigo, yatavutika na kujikunja kama pumzi ya mwimbaji.

Alfred Newman wa Twentieth Century-Fox anatambulika kwa vayolini za juu sana zenye mtetemo mkali. Franz Waxman ana giza zaidi. Frank Skinner, katika filamu za Douglas Sirk, haoni haya kuazima: *All That Heaven Allows* (1955) inarudia rudia kipande cha piano cha Liszt, na kinafaa.

Kwa Bernard Herrmann tenga jioni nzima. Katika *Vertigo* (1958), tukio la hotelini ambapo Judy anatoka akiwa amefunga nywele jinsi Scottie alivyotaka, maneno yanaisha na muziki unabeba karibu kila kitu. Utapanda, utarudi nyuma, utapanda tena. Hesabu mara ambazo unakaribia kilele na kuahirisha, na usiridhike na jibu lako la kwanza.

Mara nyingine picha ndiyo iliyofuata muziki. Kwa *Madame Bovary* (1949) Miklós Rózsa aliandika walsi ya dansa kabla ya upigaji picha, na mwongozaji Vincente Minnelli akaizungusha kamera kwa kipimo chake, hadi watumishi wanapovunja madirisha kwa viti ili Emma apate hewa. Linganisha na tukio lolote la Steiner: huku muziki haumfuati mtu, watu ndio wanaokimbizwa nao.

Rekodi zije mwisho

Albamu huunganisha vilele bila kusubiri, kwa hiyo ukianza nazo utachoka kwenye kipande cha tatu. Ukishazijua filamu mbili tatu, tafuta mfululizo ambao Charles Gerhardt aliongoza na National Philharmonic Orchestra mjini London miaka ya 1970. Umerekodiwa kwa stirio safi, na utasikia pembe za katikati ambazo mono ilizifukia. Utakachokosa ni ile teleza ya vidole. Wapigaji wa baadaye waliipunguza. Weka basi rekodi hizo mbili, ya filamu na ya Gerhardt, kwenye kipande kimoja na uzipokezane kwa sekunde 30 hivi kila moja.

Mwenye hamu zaidi aende kwenye konserto ya vayolini ya Korngold, iliyopigwa mara ya kwanza na mpiga vayolini Jascha Heifetz mwaka 1947. Mahadhi yake mengi yalitoka kwenye filamu zake mwenyewe. Anza na sehemu ya pili, yenye mahadhi ya *Anthony Adverse* (1936), kwa kuwa ni ya polepole na ala zake zinatengana vizuri. Ya tatu, iliyotoka *The Prince and the Pauper* (1937), ina mbio. Iache mpaka sikio lizoee.